Kidonda Kilichokaa Eda

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja chini na upande wa pili patupu. Mabaya zaidi yameshapita, na mimi na kisukari changu sasa tunaishi kama mwenye nyumba na mpangaji mkorofi asiyekubali kuhama. Sina elimu ya udaktari na sitajaribu kueleza sukari inafanya nini kwenye damu. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nataka tu mwanamke mwingine mwenye mwili kama niliokuwa nao, na aliyefiwa na mume kama nilivyofiwa, ajue yaliyonikuta katika ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa kwetu hukaa ndani. Niliingia eda na miguu miwili.

Unene wangu niliupata enzi za ruksa. Kabla ya hapo tulikuwa wembamba sote pale Temeke, maana sukari ilikuwa ya foleni na mafuta ya kupikia ya kujuana na mtu. Maduka yalipofunguliwa na bidhaa zikaanza kumiminika, mie nilikula kama mtu anayedai haki yake. Chai ya rangi nilikuwa nikiitia sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Nilikuwa nikiuza khanga na vitenge Buguruni, kazi ya kukaa kutwa, na mwili ukaja, ukakaa. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa karani bandarini. Nikipita mlangoni alikuwa akisogea pembeni na kusema, "Pisheni, kontena la futi arobaini linaingia." Alikuwa akinisifu, nami nilisifika.

Kisha ukaja ule mwaka wa kiu na wa kwenda chooni kila mara. Majipu yakaanza kunitoka kwapani, moja likipona jingine linaota. Ufizi ukavimba na kutoa damu nikipiga mswaki, na kwenye mikunjo ya tumbo ngozi ikawa nyekundu na kuwasha mpaka nikaona haya kukaa na watu. Daktari wa hospitali ya wilaya aliniambia ni sukari, na kwamba mwili wangu wote una mwako wa chini kwa chini, kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Ufizi, majipu, mikunjo, miguu, vyote kwake vilikuwa moto mmoja. Akanipa vidonge, akaniambia nipunguze mwili.

Vidonge nilimeza. Kupunguza mwili nilikataa, na sikuwa peke yangu. Miaka ile ukikonda tu, mtaa mzima unajua una ugonjwa ule ambao watu walikuwa wakiutaja kwa kunong'ona. Nilikuwa na wateja, nina binti wa kuozwa, na mume wangu alikuwa na jina lake. Nikaendelea kula, na nikipungua kidogo navaa gauni la ndani la pili.

Kila mwezi nilikwenda kliniki. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao tangu asubuhi, kila mtu ameficha kichupa chake cha mkojo ndani ya mkoba kana kwamba wengine hawakujua tumefuata nini. Nesi alikuwa akitia matone ya mkojo kwenye maji ya bluu na kuyachemsha juu ya kibatari cha spiriti. Yakibaki bluu unapewa heko, yakiwa ya kijani unaonywa, na yakigeuka rangi ya matofali unaambiwa ukae pembeni umsubiri daktari. Mie benchi la pembeni nililizoea, hata nikawa na mahali pangu.

Baba Zuhura alifariki masika yalipokuwa yanakatika. Presha ilimwangusha kazini, akaletwa nyumbani amefunikwa. Chumba chetu kilijaa wanawake, na ubani ulikuwa ukifuka kwenye chetezo kilichowekwa juu ya jamvi. Walipokuja kuniinua nikamuage, mtu alikigonga kile chetezo na kaa likadondoka. Nilisimama pale nikimtazama mume wangu, nikimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Jamani, mbona kama nyama inaungua?"

Nilikuwa nimelikanyaga kaa la moto kwa unyayo wa kulia na sikulisikia. Jamvi lilitoboka. Wanawake wakalia upya, wakasema uchungu wa mume umenifanya nisisikie moto. Nami niliamini hivyo, tena niliona fahari kidogo. Kumbe miguu yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi miezi mingi nyuma, na kaa lile lingeniunguza hivyohivyo hata siku ya harusi.

Aliyesimamia eda yangu alikuwa wifi yangu, Bi Mwajuma, dada mkubwa wa marehemu. Alihamia kwetu na mwanawe Shabani, mtu mzima, ili nyumba isikose mwanamume. Wifi ni mwanamke mkavu, mnyoofu, anayekunja khanga zake kama karatasi. Alimpenda kaka yake kuliko alivyompenda mtu mwingine yeyote, na alikusudia mjane wa kaka yake akae eda ambayo mtaa hautapata cha kusema. Hakuna kutoka. Hakuna mwanamume wa kando kuniona. Hakuna kushika hata kikombe, vyote naletewa.

Na vililetwa kweli. Waliokuja kunipa pole walikuja na sukari, mchele, maandazi, kaimati zinazochuruzika shira. Kumrudishia mtu chakula cha msiba ni kumtukana, basi nilikula. Nilikaa kwenye mkeka kutwa, mguu umenyooshwa juu ya mto, nikinenepa kwa huzuni ya watu.

Kidonda kilikuwa kidogo mwanzoni, mviringo kama kifuniko cha soda. Wifi alikiosha kwa maji ya chumvi, akafungua vidonge vya rangi mbili, akamwaga ule unga wake juu. Kila asubuhi hivyo, na alifanya kwa mikono miepesi, siwezi kumsingizia. Unga ule ulikauka ukawa gamba gumu. Wanawake waliokuja kunitazama waliinama, wakasema, "Kinakauka, alhamdulillahi." Kilikuwa kimekauka juu.

Siku ya kliniki ilipofika, binti yangu Zuhura akasema nijiandae. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza shule na anasaidia kwenye meza yangu ya Buguruni. Shangazi yake akaweka chini ungo wa mchele.

"Aende wapi?"

"Hospitali, shangazi. Leo siku yake ya sukari."

"Mwenye eda anatokaga? Mie nilipofiwa na Baba Shabani nilipata homa mpaka nikawa naona watu wawiliwawili, na kizingiti sikuvuka. Watu watasema kaka yangu hata hajaoza mkewe yuko barabarani."

Zuhura alinitazama mimi. Nami nikasema, "Mwanangu, shangazi yako anasema kweli." Sikulazimishwa. Nilitaka kumkalia mume wangu eda nzuri. Alikuwa ameniheshimu maisha yake yote, na hicho ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumpa.

Basi tukapata njia ambayo tuliiona ya busara. Nilikojoa kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, Zuhura akakifunga ndani ya leso akaenda nacho kliniki badala yangu. Alirudi alasiri na uso umekaza.

"Nesi kachemsha, imekuwa tofali," akasema. "Akaniuliza mwenye mkojo yuko wapi. Nikamwambia yuko eda. Akasema, mwambie mwenyewe aje, mie sitibu vichupa."

"Dawa kakupa?"

"Kanipa. Ila kasema kama kuna kidonda, hata kidogo, uje leoleo."

Wifi alikuwa anasikia. "Kidonda kimeshakauka," akasema, na alisema kwa moyo safi.

Mwezi uliofuata kichupa kilikwenda tena, na rangi ikawa ileile. Mvua zilikwisha, kipupwe kikaingia, upepo wa asubuhi ukawa unapita chini ya mlango na kunitia baridi. Lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa na joto. Nilikuwa nikiuwekea kiganja na kuhisi joto lile likipanda taratibu, leo kifundoni, baada ya siku kadhaa kwenye muundi. Ngozi ikang'aa, ikawa na wekundu wa giza. Majipu ya kwapa yalirudi na jino moja likalegea likang'oka lenyewe nikila mkate. Mwili mzima ulikuwa unawaka, nami nimekaa kimya kwenye mkeka nikiambiwa ninakaa vizuri.

Maumivu sikuwa nayo. Laiti mguu ungeuma, ningepiga kelele na mtu angenibeba.

Ndipo ikaja harufu. Wa kwanza kuisikia nilikuwa mimi, nikadhani panya amefia darini. Wifi alianza kufukiza ubani asubuhi na jioni, akikisogeza chetezo karibu na mto wangu. Nilijua kuwa ubani ule haukuwa wa dua. Wageni wakapungua, na waliokuja walikaa karibu na mlango. Zuhura aliacha kula nyumbani. Alikuwa akinigombeza, kisha anatoka uani kulia, kisha anarudi kunikanda mgongo. Mie nilikuwa naogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa zaidi maneno ya watu kuliko mguu.

Shehe wa msikiti wa mtaani kwetu alikuwa na desturi ya kupita kila Ijumaa baada ya sala. Alikuwa akikaa barazani na Shabani, anamsomea marehemu dua, anakunywa kahawa, anauliza habari zetu kupitia dirishani. Tulimjibu kuwa tuko salama. Ijumaa moja Zuhura alitoka bila kumwambia mtu, akamvizia barazani, akamweleza kila kitu. Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Kisha sauti ya shehe ikaja hadi nyuma ya pazia la mlango wangu.

"Mama Zuhura, mguu unaumaje?"

"Hauumi, shehe. Haujauma tangu mwanzo."

Nadhani harufu ilikuwa imemfikia. "Nani kakukataza hospitali?"

Wifi alikuwa amesimama kando yangu ameshika pazia kwa ndani.

"Eda inakuzuia mapambo, na matembezi, na kuposwa," shehe akasema. "Matibabu haikuzuii, tangu siku ya kwanza haikukuzuia. Mngeniuliza tu. Mie niko hapo nje kila Ijumaa."

Alikuwa hapo nje kila Ijumaa. Tulimpa kahawa, tukampa na tende, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuna la kuuliza, kwa sababu sote tulijua.

Shabani alitafuta teksi siku ileile. Sikuweza kuvaa kiatu. Hospitali tulikaa kwenye korido iliyojaa, na watu waliokuwa karibu nami wakahama benchi mmojammoja. Hilo ndilo benchi la peke yangu nililowahi kupata katika hospitali ya umma. Siku zile ilibidi mgonjwa aje na vitu vyake, na Zuhura alikimbia duka la dawa kuleta glavu, shashi na bendeji. Daktari alimwambia wifi ashike beseni. Kisha yeye akalishika lile gamba la unga kwa koleo dogo, akalivuta. Lilitoka kama kifuniko cha sufuria, na kilichokuwa chini yake kilimwagika. Mfupa ulionekana. Wifi aliweka beseni chini kwa uangalifu, kisha akakaa sakafuni na kuutazama ukuta.

Nilihamishiwa hospitali kubwa, wodi ya wanawake. Kule nilianza sindano za sukari, na kila siku kidonda kilioshwa kwa dawa yenye harufu ya maji ya kufulia, kikajazwa shashi, kikafungwa. Joto lilipanda na kushuka. Daktari aliniambia mwako umezoea kukaa mwilini mwangu na sasa haujui kuondoka. Dawa zinauzima huku, unawaka kule. Kitanda cha jirani alilala Mama Fausta, mama wa Kimakonde kutoka Newala, naye mgonjwa wa sukari. Kila jioni alinitazamia nyayo zangu bila kuombwa, halafu anageuza zake nimtazamie. "Macho yetu hayafiki huko, dada," alisema. "Sie wanene tuna miguu ya kuazimana macho." Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nifiwe.

Mguu ulipokuwa mweusi hadi juu ya kifundo, madaktari walikuja watatu na kusema utakatwa chini ya goti, ama nife nao. Wifi akasema tuzungumze kwanza na ukoo, mtu azikwe mzima. Zuhura alimgeukia.

"Shangazi, nyamaza. Umeshasema ya kutosha."

Katika nyumba yetu mtoto hakuwahi kumwambia mkubwa neno lile. Nilimkaripia Zuhura palepale kitandani, nikamtaka radhi wifi kwa niaba yake, ingawa moyoni nilikuwa nimelisema neno lilelile mara nyingi. Kisha nikaomba kalamu. Nilitia saini mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kunuka.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichouliza ni mguu uko wapi. Kwetu kiungo hakitupwi. Wifi alikuwa kwenye ukingo wa kitanda, macho yamemvimba.

"Nimeupokea mie," akasema. "Nimeufunga kwa kitambaa cheupe, Shabani na wenzake wameuzika. Uko pembeni ya kaka."

Eda yangu ilikuwa haijaisha. Nilikuwa sijaliona kaburi la mume wangu, na mguu umeshafika. Nilicheka mpaka mshono ukauma, na wifi akadhani nimerukwa na akili.

Sasa mambo yangu yako hivi. Kichupa cha insulini nakihifadhi kwenye mfuko mdogo unaoelea ndani ya mtungi wa maji, maana friji sina, na maji ya mtungi hayanisaliti. Chai nakunywa bila sukari, na miezi ya mwanzo ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea vyombo. Nimepungua sana. Mtaani walinong'ona kama nilivyojua watanong'ona, na bado naishi. Mswaki napiga kama askari, mikunjo naikausha, na majipu yameacha kunizuru. Ufizi hautoi damu. Moto haujazimika wote, daktari ameniambia, lakini umefunikwa, na kazi yangu ni kutokuupepea. Mguu uliobaki Zuhura anautazama kila asubuhi, chini na katikati ya vidole, kabla hajaenda Buguruni. Ikiwa una sukari na unasoma haya, tafuta mtu wa kukutazamia nyayo. Na kama kuna jambo nyumbani mnadhani mnalijua kwa sababu mmekuta watu wakilifanya, muulizeni mwenye elimu yake. Huenda yuko hapo barazani anakunywa kahawa yenu.

Wifi hajawahi kuniomba radhi kwa maneno, na nilikaa muda mrefu nikiyasubiri. Nilimchukia, nisidanganye. Lakini siku eda ilipotimia nilikuwa bado wodini, na asubuhi ile alikuja na ndoo, kata, sabuni mpya, na doti ya khanga ambayo haijakatwa. Mjane akitoka eda huogeshwa, na aliomba pazia la kitanda livutwe aniogeshe palepale, juu ya mpira uliotandikwa kitandani.

Alianza kichwani. Akashuka mabegani, mgongoni, tumboni, polepole, midomo ikisoma. Aliuosha mguu wa kushoto kutoka pajani hadi katikati ya vidole, akaumwagia maji mara tatu. Kisha akachota tena na kuzunguka upande wa kulia, kwa mazoea ya mtu aliyeogesha wengi. Alimaliza goti, na kata ikabaki juu, imejaa. Nilimwona anatafuta pa kuyamwaga. Akayamwaga palepale ulipopaswa kuwa mguu, juu ya mpira mtupu, taratibu, mara tatu, mpaka ndoo ikaisha.